Mtani Aliyeuteka Mkanda wa Cherehani

Siku makuli wa bandarini walipogoma, maduka ya Temeke yalifungwa yote. Mhindi ambaye nilikuwa nikishonea kwenye baraza ya duka lake alitia komeo, akanishauri niende nyumbani. Nikamwambia naondoka sasa hivi. Sikuondoka.

Nilikuwa na kanzu ya bwana harusi, na shingo yake ilinikataa. Ushonaji nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, kwa hiyo kila siku niliogopa kwamba fundi wa kweli atapita, aone mshono umepinda, anicheke. Hofu hiyo ilizidi hofu ya mgomo. Nilijiambia mimi si kuli, hayanihusu.

Kundi likatokea upande wa Keko na marungu, likimsaka kila anayefanya kazi. Muuza chai wa jirani walikwisha mmwagia chai na kumvunjia meza. Waliponizunguka sikuwaza kanzu tena. Niliwaza cherehani. Mama aliuza minazi yake kule Kimbiji ili niinunue, na hatukuwa na kitu kingine.

Aliyewaongoza, pande la mtu, aliweka rungu juu ya cherehani, akaniuliza kabila langu. Nikajibu kwamba mimi Mzaramo.

"Mzaramo," akasema taratibu. "Siku zote mmelala, leo watu wamegoma ndiyo mnakumbuka kazi?"

Wenzake wakacheka. Hapo, kwa utani huo na kwa lafudhi yake, nikamtambua kuwa Mnyamwezi. Wao na sisi ni watani tangu zamani, na mtani hakasirikiwi. Nikajikaza nimjibu.

"Nyie mmebeba mizigo ya watu tangu enzi za babu zenu. Leo ndiyo mmejua kuitua?"

Hata yeye alicheka. Akainama, akachomoa mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani, akauvaa shingoni kama shanga. Akawatangazia wenzake kwamba amemteka mtani wake, hatashona mpaka mgomo uishe. Kitu alichochukua mtani hakigombewi. Wakaenda zao. Mimi nikakaa chini, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Shingo ya kanzu niliimalizia kwa mkono. Ilipinda kidogo upande wa kushoto, na usingizi ukanipaa. Bwana harusi aliivaa, akaoa, na hakuna aliyeitazama shingo.

Mgomo ulipokwisha, mtani alirudi. Mkanda ulikuwa kiunoni mwake, umeshikilia suruali. Akaufungua, akanikabidhi, akabaki ameishika suruali kwa mkono, akaniamuru nimshonee mshipi kabla ya kazi ya mtu mwingine yeyote. Nikaufunga mkanda mahali pake, nikakata kipande cha kitambaa bila kukipima, nikakanyaga. Gurudumu likazunguka.