Siku Walipopima Sauti Kanisani

Nimepanda treni Tunduma, nikashuka Kisaki vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi, nikapata lori la mkaa mpaka Morogoro mjini, kisha pikipiki hadi barabara ilipoishia. Kilichobaki nimekipanda kwa miguu. Nimezunguka nchi hii miaka mingi, rafiki yangu, sijatulia popote, lakini miguu bado inalijua jiwe la kona, tulipokuwa tukitua vikapu vya kabichi na kupumua. Nimekaa hapo. Juu yangu, palipokuwa na shamba la bibi, ni miti mitupu. Kengele ya parokia imelia, nami nikawakumbuka wale wageni watano.

Nilikuwa darasa la tatu. Walikuja na masanduku yao: fidla mbili, ya tatu nene kidogo, selo kubwa ya kubanwa kwa magoti, na klarineti, yaani filimbi nyeusi yenye vifungo ving'aavyo. Mchana ule kijiji kizima kilijaa kanisani, tukinuka moshi wa kuni na njegere mbichi. Wageni wakasimamisha vyuma vya miguu mitatu vya kuwekea karatasi zao, wakaanza kukwaruza nyuzi. Mwalimu wetu, aliyekuwa akitafsiri, akasema, "Tulieni. Kwanza wanapima."

Bibi akashtuka. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Shamba lake la maharage, alilolirithi kwa mama yake kama ilivyo kwetu Waluguru, lilipakana na msitu, na kila mwaka ilisemwa wapimaji watakuja kusogeza mpaka. Vyuma vya miguu mitatu alishaviona ng'ambo ya mto, kwa watu waliokwisha kunyang'anywa. Akasimama na jembe lake, alilotoka nalo shambani.

"Mnapima nini?"

"Sauti, bibi," mwalimu akajibu.

"Ya nani?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. "Yako, mama! Wamesikia inafika Turiani!" jirani akadakia.

Bibi akaketi, jembe mapajani, na muziki wote hakupiga kofi hata moja. Mimi niliisikia klarineti ikipanda polepole juu ya nyuzi, kama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, nikaipenda, huku nikilionea aibu jembe lile. Njiani alisema tu, "Chekeni. Mtu hapimi kitu asichokitaka."

Walimtania msimu mzima. "Shikamoo bibi, leo umepimwa?" Mwishowe akaacha kuulizauliza habari za wapimaji.

Mvua zilipokatika, mbwa walibweka upande wa shamba, akanituma nikaangalie. Nilifika hapa kwenye jiwe, nikaona wanaume na chuma cha miguu mitatu. Sikusogea zaidi. Nilirudi mbio kwa furaha. "Bibi, wale wa muziki wamerudi!"

Alikuwa akichambua maharage. Akanitazama, akalitazama jembe ukutani, kisha akaendelea kuchambua.

Jioni tulikuta vigingi vya saruji vimepandwa katikati ya maharage. Shamba lilikuwa limeingia msituni.

Hapakuwa tena na cha kunilisha, basi mjomba akaja kunichukua, nikaishi naye Mafiga, kule mjini. Bibi alinisindikiza mpaka kwenye jiwe hili. Hakunilaumu. Alinipa viazi vya kuchemsha, vya moto, ndani ya jani la mgomba.

"Siku ile ulipowaona," akauliza, "muziki uliusikia?"

"Hapana, bibi."

"Siku nyingine, subiri kwanza usikie." Akageuka, akapanda kurudi nyumbani.