Popo wa Elphas, Buabua wa Ouma

Nilimwambia Elphas mara mia: mwanamume mzima hasimami barabarani na darubini akihesabu popo! Hakusikia. Mume wangu alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja hapa Eldoret, na popo wa matunda walioning'inia kwenye mikaratusi karibu na ofisi ya chifu walikuwa wamemtia wazimu. Rafiki yake Ouma, mwalimu aliyehamishiwa Malindi, alikuwa na wazimu uleule kwa buabua, ndege wa baharini. Waliandikiana kila mwezi. Popo anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, buabua anataga yai moja. Popo anaruka na mtoto kifuani, buabua anamwacha wake mchangani akamtafutie samaki. Walibishana nani mzazi bora, na eti ni watu waliosoma!

Mwaka wa themanini na saba, Jumanne asubuhi, polisi walimkamata Elphas na darubini na daftari lake. Anahesabu nini karibu na ofisi ya serikali? Siku hizo watu walichukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na kuna waliorudi hawatembei vizuri.

Siku tatu sikulala. Siku ya nne nilifunga barua zote za Ouma kwa leso, nikaenda stesheni.

"Afande, soma mwenyewe," nikamwambia inspekta. "Ni ndege na popo tu."

Akasoma moja baada ya nyingine, polepole, akilamba kidole. Mwishowe akacheka kidogo.

"Kweli, Mama. Huyu wako ni popo tu." Akageuza bahasha. "Na huyu anayehesabu huko pwani, karibu na meli, anwani yake ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo!" nikasema kwa furaha. Mungu anisamehe, nilimtajia hata nyumba anayokaa.

Elphas aliachiliwa jioni hiyo. Alikula ugali, midomo imevimba, kisha akapapasa chini ya kitanda.

"Nangila, barua za Ouma ziko wapi?"

Nikamweleza, nikijua atanishukuru. Akanitazama.

"Na bahasha zake?"

"Nazo."

Alikaa chini. Sasa ni miaka miwili, anaenda posta kila Jumamosi, na Ouma hajaandika.