Bunduki ya Papa Gracien na Alama ya Msalaba

Ukiuliza huku Kikula nyumba ya Papa Gracien iko wapi, watakuonyesha, halafu watacheka kidogo. Hawamcheki kwa ubaya. Ni mtu mwema, alilehemu vyuma kiwandani mpaka nywele zikawa nyeupe, anaimba sauti nzito katika koro ya parokia, na mke wake Mama Simone hajamsikia hata siku moja akitukana. Wanacheka kwa sababu ya bunduki.

Bunduki hiyo aliachiwa na baba yake, Muzee Jean, Mungu amrehemu, pamoja na makaratasi yake yote ya serikali. Ni kalibre douze ya kuwindia ndege. Mitutu yake miwili imelala ubavu kwa ubavu kama watoto wawili kwenye mkeka mmoja, na gasheti za kuvuta kwa kidole ni mbili: ya mbele kwa mtutu wa kuume, ya nyuma kwa mtutu wa kushoto. Mtutu wa kuume uko wazi mdomoni, unatawanya plombi, zile chembe ndogo za risasi, upesi, kwa ndege aliye karibu. Wa kushoto umebanwa kidogo kule mwisho, ili plombi zishikamane na kwenda mbali, kwa ndege aliyekwisha kutoroka.

Gracien alijua hayo yote kama katekisimu. Alijua na namna ya kupiga, maana baba yake alimfundisha angali kijana: kitako kikae begani, shavu liguse mti wa kitako, macho yote mawili wazi, uzito juu ya mguu wa mbele. "Kanga akiruka, usimulenge kama musumari," muzee alikuwa anamwambia. "Umufuate toka mukia, umupite mudomo, na ukivuta gasheti usisimamishe mikono."

Pamoja na mafundisho hayo yote, Gracien alikuwa hajaua kanga hata mmoja.

Shida ilikuwa msalaba. Mama yake alimlea asianze jambo lolote bila alama ya msalaba, naye alishika neno. Anaifanya kabla ya kula, kabla ya kupanda kinga, baiskeli yake, kabla ya kunyoa ndevu, hata kabla ya kufungua redio. Basi kanga wakiruka, ananyanyua bunduki vizuri, halafu mkono wa kuume unaacha gasheti, unakwenda kwenye paji la uso, kifuani, bega hili, bega lile. Akifika kwenye Amina, kanga wako ng'ambo ya mto, wameanza kula tena.

"Si uifanye mbele ya kutoka nyumba?" Mama Simone alimuuliza.

"Ninaifanyaka. Ile ni ya kutembea. Hii ni ya kupiga."

Sasa, ukoo wa Muzee Jean una desturi. Kila mwaka wanamwombea misa, kisha wanakula chungu kimoja kwa Mama Mélanie, dada mkubwa wa Gracien, ambaye tangu muzee afe ndiye mwenye neno la mwisho. Aliye na bunduki ndiye anayeleta kanga wa chungu. Gracien alikuwa analeta kuku. Mwaka jana aliona haya, akanunua sokoni kuku mwenye madoadoa, akamkata kichwa na miguu, akamleta amenyonyolewa tayari. Mama Mélanie alionja mara moja tu.

"Gracien, huyu kanga alikomalia wapi?"

"Mu pori, yaya," Gracien alimjibu dada yake.

"Mu pori ya soko ya Kikula. Iko na mafuta kama bibi arusi." Akaweka kijiko chini. "Mwaka kesho, chungu ikikosa kanga, bunduki inaenda kwa Patrice."

Patrice ni mtoto wa baba yao mdogo, anafanya kazi Kakanda, na suruali zake zinapigwa pasi hata siku za kazi. Alikohoa kwa adabu. "Minye niko tayari, yaya. Minye siwezi kusumbua Mungu juu ya kila ndege."

Ndugu wote walicheka, na Gracien alicheka nao, lakini tonge la bukari alilirudisha kwenye sahani. Kwenye mti wa bunduki ile kuna mahali peusi, panapong'aa, palipochakazwa na shavu la baba yake. Kila akiegemeza shavu lake hapo, alikuwa kama amembusu. Ampe Patrice?

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, alimngojea padiri nyuma ya kanisa.

"Padiri, mutu akifanya alama ya musalaba kwa mudomo tu, mikono ikiwa na kazi, Mungu anapokea?"

"Mikono iko na kazi gani?"

"Imeshika bunduki."

Padiri alivua miwani. "Unataka kupiga nani, Gracien?"

"Kanga, padiri."

"Ah." Padiri alipumua, akarudisha miwani. "Sali kwa mudomo, mwana wangu. Mikono uiachie kanga."

Gracien alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetoka kitubio. Lakini porini mambo yakawa yale yale kwa njia nyingine: alisali kwa mdomo, mikono nayo ikasimama kwa heshima, ikingoja sala iishe. Penye Amina alipiga mahali kanga alipokuwa wakati wa Baba.

"Mikono yako inasikiliza misa," Mama Simone alisema. "Uipatie kazi ndani ya sala."

Akachukua suruali kuukuu ya Gracien, akaitundika kwenye kamba ya nguo, akafunga uzi wa kuivuta. Gracien akaikunja bunduki kwenye bawaba kuifungua, wakachungulia wote wawili kuhakikisha mitutu ni mitupu, akaweka maganda ya kartushi zilizokwisha kupigwa, akasimama kuuelekea ukuta. Mama Simone akavuta, na suruali ikakimbia. "Kwa jina la Baba," bunduki ikapanda nyuma yake. "Na la Mwana," ikafika katikati. "Na la Roho Mutakatifu," imekwisha kuipita. "Amina." Tik.

Mama Reine, jirani, alichungulia juu ya ukuta. "Mama Simone, ile suruali imefanya nini?"

"Imekataa kuokoka."

Wakaiwinda suruali ile mpaka ikatoboka magoti kwa kuburutwa.

Siku ya kwenda, walipita Kakontwe asubuhi, vumbi jeupe la chokaa likiwapaka miguu, wakaingia porini. Mama Simone alifuata nyuma na kikapu. Kanga walikimbia kwanza majanini, kama kawaida yao, kisha wakaruka wote pamoja na kelele ya sufuria zinazoanguka. "Kwa jina la Baba," mtutu ulikuwa kwenye mkia. Mwana, tumboni. Roho Mtakatifu, Gracien aliona mwanga wa mbingu mbele ya mdomo wa ndege, na mikono haikusimama. Amina. Kanga alijikunja, akaanguka.

Mwingine alikuwa anakatiza mbali. Hapakuwa na nafasi ya sala nzima. "Na huyu pia," Gracien alisema, akavuta gasheti ya nyuma. Tawi la mti likaanguka. Kanga akaendelea na safari.

"Huyo hukumuombea muzuri," alisema Mama Simone.

Baada ya misa ya muzee, chungu kiliwekwa katikati kwa Mama Mélanie. Patrice alikitazama. "Kanga wanauzishwaka pale barabara ya Kakanda. Minye namujua mwenye kuuzisha."

Nani angemwamini Gracien, baada ya yule kuku wa madoadoa? Mama Mélanie alichukua kipande cha kifua, akatafuna polepole. Tak. Akaacha kutafuna. Akatoa mdomoni plombi ndogo nyeusi, akaiweka ukingoni mwa sahani.

"Mwenye kuuzisha naye anaweza kuwa na bunduki," Patrice alisema.

"Wale wa barabara wanategaka kwa kamba. Kula shingo, weye," Mama Mélanie alimjibu.

Patrice akala shingo. Tak. Akashika shavu.

"Mu kifua na mu shingo," alisema Mama Mélanie, naye ni binti wa mwindaji. "Mu mukia hakuna hata moja. Alipigwa mbele. Muzee njo alikuwa anapigaka hivi." Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Bunduki inabakia kwa Gracien. Lakini mwaka kesho, kaka, utoe plombi mbele ya kupika. Meno yangu imebakia ya kuhesabu."

Gracien alikuwa amepata plombi yake mwenyewe mdomoni, ameiweka chini ya ulimi, na hakutaka kuitema.