Mémoire Mpya na Mémoire ya Zamani

Kibao cha mlangoni kwangu, pale mtaani Vulamba, kilisema: Tunapiga maandishi, tunatoa kopi, tunafunga vitabu. Hao "tunapiga" walikuwa mimi peke yangu na kompyuta moja. Nilikuwa na vidole vyepesi kuliko mtu yeyote niliyemjua katika Butembo, na nilipenda watu walione hilo. Wateja walisimama nyuma yangu wakitazama, nami nikijifanya siwaoni. Siri yangu ilikuwa moja tu: sikusoma. Jicho linachukua neno kwenye karatasi, kidole kinaliweka, kichwa kinawaza mambo yake. Nimepiga mahubiri, barua za posa na hati za mashamba, na ungeniuliza baada ya saa moja zilisema nini, nisingeweza kukujibu.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa anamaliza chuo kikuu kule Beni. Kitabu cha kumalizia masomo huku kwetu tunakiita kwa Kifaransa, mémoire. Yake ilihusu wanawake waliolima upande wa Mbau, wakakimbia vita wakaacha mashamba, na sasa wanauza ndizi na sombe, majani ya muhogo, kando ya barabara mjini. Ya kwanza aliiandika haraka, nikaichapa. Mwalimu wake akaijaza wino mwekundu, akamwambia: umeandika juu ya akina mama hawa bila kuwasikiliza. Kwa kitabu hiki utapita tu kama jury, walimu watakaokupima, watakuhurumia. Basi mdogo wangu akarudi barabarani, akaketi nao kwenye vigoda mwezi baada ya mwezi, akaandika yote upya kwa mkono, madaftari manne. Wachapaji Beni wamejaa tele, lakini yeye alitaka yaya wake, yaani mimi kaka yake mkubwa. Madaftari yakaja Butembo. Ijumaa, saa sita za mchana, ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea vitabu. Nakala za ile ya zamani alibaki nazo huko, zimefungwa tayari.

Kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Ukifungua maandishi marefu, inawaza kwanza kama mzee aliyeulizwa umri wake. Kwa hiyo Jumatatu nikashuka mjini kununua mémoire. Ndiyo, nayo inaitwa hivyo hivyo: kile kibao chembamba unachokichomeka ndani ya kompyuta ili ikumbuke mambo mengi kwa mara moja. Muuzaji alikipuliza vumbi, akanihakikishia kimetoka Dubaï. Nikakichomeka kando ya kile cha zamani. Ikawaka. Nikapiga kurasa kumi na mbili bila kungoja hata kidogo, na nakumbuka nilikuwa naimba.

Kwenye ukurasa wa kumi na tatu kioo kikawa buluu chote, maneno meupe ya Kiingereza yakapita, kisha giza. Shukrani ya punda ni mateke.

Niliwasha tena. Dakika kumi, buluu. Nikafikiri ni umeme, nikaazima stabilizeta ya jirani. Buluu. Nikafikiri ni virusi, nikaisafisha kwa dawa zote nilizokuwa nazo. Buluu. Nikavitoa vibao vyote viwili, nikasugua meno yao ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, maana hiyo ndiyo dawa yetu ya kwanza sote tunaotengeneza mashine mji huu, nikavirudisha. Nikabadilisha nafasi, cha kushoto kikaenda kulia. Safari hii ililia mara tatu na kukataa kuwaka kabisa. Nikavirudisha vilipokuwa, ikakubali, nikapiga nusu ukurasa, buluu. Kila ilipozima ilimeza nilichopiga tangu nilipohifadhi mara ya mwisho. Ukurasa wa arobaini na moja niliupiga mara nne. Mara ya nne, sioni haya kusema, nililia kidogo, mtu mzima, mlango wazi.

Nilirudi kwa muuzaji. "Mémoire yangu haina shida," akasema bila kuinua macho. "Machine yako njo imezeeka." Nikamwamini, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Nilishuku kila kitu ndani ya ile kompyuta isipokuwa kitu kipya. Kitu kipya kitauguaje?

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, Mwislamu mwenye kuendesha gari la abiria kati ya Butembo na Beni. Jumatano asubuhi alipita kuchukua stabilizeta yake, akanikuta nimeketi sakafuni na bisibisi.

"Gari ikianza kuzima kisha kuweka pièce mupya," akaniambia, "utatafuta ugonjwa fasi gani tena? Tosha ile mupya, rudisha ya zamani peke yake. Ikitembea, basi umemukamata mwizi."

Nikakitoa kibao kipya. Nikakiacha cha zamani peke yake. Kompyuta ikawaka polepole, kwa uvivu wake wa siku zote, na haikuzima. Nikapiga ukurasa, nikapiga wa pili. Nilikuwa bado nacheka peke yangu, kile kibao kibovu kiganjani, simu ilipolia. Alikuwa mdogo wangu.

"Yaya, mémoire imefika wapi?"

"We acha tu!" nikamwambia. "Ile mupya njo ilikuwa naleta shida yote. Nimeitosha."

Akalirudia neno langu polepole.

"Umeitosha?"

"Nimeitosha. Mupya hapana kitu, ni bure kabisa, ilinipotezea tu masiku. Tunabakia na ya zamani. Ya zamani njo iko muzuri."

"Kweli, yaya?"

"Kweli! Mimi nimeangalia siku tatu."

"Sawa, yaya," akasema. "Kama ni weye unasema, sawa." Simu ikakatika.

Nilipiga kazi ile Jumatano yote na Alhamisi yote. Nilimpigia mara kadhaa kumwambia imekwisha. Simu yake ilikuwa imezimwa, nikafikiri ni umeme wa kwao, kama kawaida. Nikatoa nakala, nikazifunga kwa jalada la buluu. Sikuwa na rangi nyingine. Ijumaa alfajiri jirani yangu akanipa kiti cha mbele. Njia nzima mikono yangu ilikaa juu ya mfuko, na barabara ile, ambayo kila mtu huipita akihesabu vilima kwa hofu ya kuviziwa, siku hiyo niliipita kama mtu anayekwenda arusini.

Saa nne nilikuwa mbele ya ofisi ya chuo. Karani alitazama jalada, akatazama daftari lake.

"Huyu amekwisha kudépose. Tangu jana asubuhi."

Nikamwambia haiwezekani awe amekwisha kukabidhi, kitabu chenyewe hiki hapa, jalada bado lina joto.

"Papa, cachet imekwisha kupigwa," akasema, akinionyesha muhuri daftarini, "bitabu biko kwa baprofesa. Mimi hapana mutu wa kutosha cachet."

Nilibishana naye mpaka nikamaliza Kifaransa changu chote. Niliomba nimwone mkubwa wake; mkubwa wake alisema yale yale kwa sauti ya upole zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mbele ya meza ile nilikuwa sina hata kifutio. Niseme kabisa hapa: jury hawakumhurumia, alirudia mwaka.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku ile nilimkuta amekaa kwenye benchi nje, macho yamevimba. Alishangaa kuniona.

"Nilidépose ya zamani," akasema, "sawa vile ulisema."

"Nilikuwa nasema mémoire ya machine!" nikapiga kelele, watu wakageuka. "Ya machine! Ile kibao!"

Nilingoja anitukane, na ningeshukuru angenitukana.

"Nililia siku muzima," akasema. "Kisha nikajiambia, yaya njo mutu wa kwanza wa kuisoma yote. Kama yeye anasema ni bure, nani mwingine ataniambia iko muzuri?"

Nikampa kitabu kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Akakifungua polepole, akapita kurasa, akasimama kwenye mmoja na kuuweka kidole. Chini niliona namba: arobaini na moja.

"Basi sasa niambie kweli," akasema. "Huyu mama. Nilimuandika muzuri?"

Ukurasa ule niliujua. Nilijua buluu ilikuja kwenye mstari gani mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Niliupiga mara nne. Mama yule alisema nini, sikujua hata neno moja.