Nyumba Isiyokauka

Masika ya mwaka jana nilipanda mlimani Kinole kumtunza bibi yangu mzaa mama, na ndani ya wiki sita nusura nimuue kwa usafi.

Sitii chumvi, ingawa mama huniambia nina tabia ya kuchukua jambo dogo na kulizungusha kichwani mpaka liwe msiba. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya mazingira, na mwaka mzima wa kuomba kazi ulikuwa umenifanya mtu wa kuangalia simu kila baada ya dakika tano. Mama akaamua kwamba kwa kuwa sina la kufanya pale kwetu Kilakala, nikakae na Bibi kwenye nyumba mpya.

Nyumba hiyo mama aliijenga kidogo kidogo tangu nikiwa shule ya msingi. Tofali za saruji, bati la kijani, dari ya jipsamu, madirisha mapana ya vioo, marumaru nyeupe sebuleni na vyumbani. Nyumba ya zamani ya udongo na nyasi ilibomolewa. Lilibaki jiko tu, kibanda cha miti na udongo chenye mafiga matatu na kichanja juu yake cha kukaushia vitu. Siku naondoka mama alinishika mkono.

"Hiyo nyumba ing'ae," alisema. "Asipite mtu akasema mama yangu anaishi kwenye uchafu. Piga deki asubuhi na jioni, kama hapa."

Kama hapa. Kwetu Kilakala adui ni vumbi. Kiangazi unafuta meza saa moja, saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake. Ukimwaga maji sakafuni, ukigeuka pamekauka. Nimekua nikijua kwamba usafi ni maji. Kinole ni mlima ule ule unaoonekana kutoka kwetu, lakini ni upande wa pili, upande unaopokea mawingu kwanza. Hilo nililijua. Niliwahi hata kulichora kwenye mtihani, mishale ya upepo ikipanda mlima na kumwaga mvua. Sikuwahi kufikiri kwamba mishale ile inaishia kwenye shuka la bibi yangu.

Nilipiga deki asubuhi na jioni. Mchana ukungu ulishuka, marumaru zikatoka jasho, nikazifuta, zikatoka jasho tena. Nikafunga madirisha ili ukungu usiingie, na ndani kukawa kama sufuria lililofunikwa. Tambara la deki halikuwahi kukauka hata siku moja. Nililianika barazani, kesho yake nikalikuta zito, linanuka. Na hilo hilo ndilo nililofutia.

Bibi alikuwa akinitazama akiwa amekaa kitandani.

"Mke mwenzangu," ndivyo anavyoniita kwa utani tangu nizaliwe, "umedondosha pete humo sakafuni?"

"Nasafisha, Bibi."

"Jana hukusafisha?"

"Nilisafisha."

"Basi huyo mume tutakayempata atateleza aanguke, tubaki wajane wawili."

Nilicheka, nikakamua tambara, nikaendelea.

Wiki ya tatu nilisogeza kabati la Bibi na kukuta ukutani kuvu jeusi, vidoa vidogo vidogo kama mtu amerusha wino. Sikulala vizuri. Kwangu vidoa vile vilikuwa ushahidi kwamba sikuwa nimesafisha vya kutosha. Nilisugua ukuta kwa dawa ya madoa, maji mengi, dawa nyingi, madirisha yamefungwa. Baada ya siku chache kuvu lilirudi, nikasugua tena. Wiki hiyo ndiyo Bibi alianza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Alikuwa akivaa kanga anasimama katikati, anapumzika, anaendelea. Alfajiri nilisimama mlangoni kwake nikihesabu pumzi, na nikipoteza hesabu nilianza upya, nikiamini bila sababu yoyote kwamba nikiacha kuhesabu zitakoma.

Nilimpeleka zahanati kwa bodaboda, mimi na dereva tukiwa tumembana katikati. Nesi alimsikiliza kifua, kisha akaniuliza mimi.

"Mnapikia ndani?"

"Hapana. Jiko liko nje."

"Nyumba ya aina gani?"

"Ya kisasa," nikasema, na nilijisikia nikijigamba. "Napiga deki mara mbili kwa siku."

"Vizuri. Asikae kwenye moshi, wala vumbi, wala unyevu."

Alitupa dawa ya kuvuta. Katika maneno yale matatu mimi nilisikia moshi tu. Tuliporudi nilimkataza Bibi kuingia jikoni. Nilipika mwenyewe, nikamweka chumbani na blanketi, mlango nimeufunga ili moshi usimfuate. Nikapiga deki mara tatu.

Mama alipiga simu kila jioni.

"Nyumba safi?"

"Safi, mama."

"Na Bibi?"

"Kimafua tu."

Nilidanganya kwa sababu hii ilikuwa kazi ya kwanza kupewa tangu nimalize chuo, na sikutaka kusikia sauti ya mama akijua kwamba hata hii imenishinda. Baada ya kila simu nilikaa barazani nikijiambia kesho nitasema. Wakati huo Bibi alikuwa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa unateleza.

Kilichonifumbua macho ni pilipili manga. Bibi alikuwa amechuma na kukausha pilipili yake kabla ya mvua. Nusu aliiweka jikoni kwenye kichanja. Nusu nyingine mimi niliihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda, nikiona ndiko kusafi. Siku moja aliniambia nizilete zote azitazame. Mfuko wa chumbani nilipoufungua, pilipili zilikuwa zimeshikamana, zimeota manyoya meupe. Za kichanjani zilimwagika kwenye ungo zikilia kama changarawe.

Bibi alichukua konzi moja ya hizi, konzi moja ya zile.

"Tulizichuma siku moja," alisema, akapumzika. Akainua mkono wenye zile za manyoya. "Hizi zimelala na mimi."

Siku hiyo hiyo nilihamisha godoro lake jikoni. Nilifanya hivyo huku nikiogopa, maana moshi ni sumu kwa kifua, nimeusoma. Na unyevu ni sumu, nao nimeusoma. Jibu la tatu sikuwa nalo. Kila asubuhi niliwasha kuni kavu, mlango wazi, Bibi akisubiri nje chini ya upenu. Moshi ulipokwisha yakabaki makaa, akaingia. Ukuta wa udongo ulikuwa mkavu kama kigae. Siku ya nne filimbi ilipungua. Haikuisha.

Siku hiyo ya nne, Jumamosi mchana, mama akatokea bila taarifa, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

"Mama, shikamoo," alimwamkia Bibi.

"Marahaba mwanangu. Karibu jikoni."

Mama alitazama godoro, akanigeukia. "Nimejenga nyumba, wewe unamlaza mama yangu jikoni kama mbuzi?"

"Mbuzi hawakohoi," Bibi akasema.

Mama hakucheka. Aliingia nyumba kubwa, nikamfuata. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima yenye upepo na mishale, na yote ikanitoka. Alinusa hewa.

"Hapa hapajapigwa deki siku ngapi?"

"Nne."

Alifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo na tambara.

"Mama, usipige deki."

"Unasemaje?"

"Usimwage maji, tafadhali. Shika ukuta, pale nyuma ya kitanda."

Alisogeza kitanda. Kuvu lilikuwa limerudi, jeusi zaidi, limetambaa kutoka nyuma ya kabati hadi pale Bibi alipokuwa akilaza kichwa. Mama aliweka kiganja ukutani, akakitoa kimelowa.

"Hapa hakuna bomba."

"Hakuna."

"Sasa maji yametoka wapi?"

"Kwenye mawingu," nikasema. "Na kwangu. Mengi kwangu. Anaumwa wiki tatu sasa, mama. Nilikudanganya."

Nilisubiri anipige au apige kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, tambara bado mkononi.

"Mvua ikinyesha kule Kilakala," alisema, "nilikuwa silali. Nawaza nyasi za mama zinavuja." Akanigeukia. "Zilikuwa zinavuja?"

"Sijui, mama."

"Zilikuwa hazivuji," akasema.

Tulirudi jikoni. Mama hakujua pa kuweka lile tambara, akalitandaza kwenye kichanja juu ya makaa. Tulikaa watatu kuzunguka mafiga. Bibi alifumba macho, nami nikaanza kuhesabu pumzi zake kama kawaida yangu, moja, mbili, tatu. Nilipoinua uso niliona midomo ya mama inachezacheza. Naye alikuwa anahesabu.