Nilivyokificha chetezo cha mama mkwe ili kuokoa kifua cha mtoto

Wakuu, salaam kwenu nyote, memba na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kujiandikisha.

Haya yametokea nyumbani kwangu Kisauni, sikusimuliwa. Mke wangu naye yumo humu jukwaani, na nikiongeza chumvi hata kidogo ataniumbua kwenye comments. Kwa hiyo mjue mnasoma ukweli mtupu.

Kazi yangu ni kupuliza dawa. Kunguni, mende, viroboto, we nitajie tu. Nina pampu ya kubeba mgongoni, ovaroli ya buluu, na maneno matamu kwa wateja. Nikifika nyumba ya mtu nasema kwa sauti ya daktari: "Mama, watoto watoke mpaka jioni. Mkirudi fungueni madirisha yote."

Yakumbukeni hayo maneno.

Mwaka huu tulijaliwa mtoto wa kwanza, msichana, tukamwita Mwanasha. Kama ilivyo ada, mama mkwe akavuka kutoka Likoni kuja kumlea mzazi mpaka arubaini itimie. Alikuja na mkoba wa nguo na chetezo chake.

Kwa msiojua, chetezo ni chombo cha udongo cha kutilia makaa, juu yake unaweka ubani, moshi unapanda. Asubuhi anafukizwa mzazi, anafukizwa mtoto, zinafukizwa nguo zake. Magharibi tena, kuondoa kijicho. Na nyumba yetu ni chumba na sebule. Kuna siku niliingia, kwa moshi ulivyotanda nikaliamkia kabati nikidhani ni mama mkwe.

Wiki ya pili mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, halafu kifua kikaanza kukoroma. Nilikuwa naweka sikio kifuani pake nasikia kinavyokwaruza. Niliogopa wakuu, sitaki kujifanya mwanamume hapa.

Nikaingia mtandaoni. Nikasoma mambo ya hewa ya ndani, moshi wa makaa, moshi wa ubani, mapafu ya kichanga. Na ni kweli, moshi wowote haumfai mtoto mchanga, hilo sibishani na mtu. Tatizo ni kwamba sikusoma kama mzazi. Nilisoma kama mtu anayetafuta ushahidi dhidi ya mkwewe.

Kwetu huwezi kumkabili mkwe ukamwambia acha. Nikamtuma mke. Akarudi na jibu: "Mama asema hata wewe ulifukizwa, na tazama ulivyonenepa."

Basi asubuhi moja nikakichukua chetezo, nikakificha nyuma ya tangi la maji. Mama mkwe hakuuliza kitu. Ila tangu siku hiyo nikimwamkia naambiwa "marahaba" kavu, na chai yangu nikaanza kujimiminia mwenyewe.

Sikuishia hapo. Jirani hukaanga viazi karai kwa kuni chini ya dirisha letu. Nikatoa selotepu pana ya kazini, ile ya kuzibia milango ninapopiga dawa, nikaziba dirisha la chumbani pembe zote. Chini ya mlango nikasukumia kanga kuukuu. Hata sisimizi angehitaji kibali kuingia. Nikasimama katikati ya chumba mikono kiunoni, nikajiona baba wa mfano.

Siku tatu bila ubani, bila moshi wa jirani.

Mtoto akazidi.

Akawa anahema mbio mbio, mbavu zinabonyea, ziwa analiacha katikati. Tukapakiana kwenye tuktuk, mimi, mke na mama mkwe, mpaka kliniki. Njia nzima mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto.

Nesi akampokea haraka, akamwekea dawa ya kuvuta kwa barakoa. Alipoona anatulia ndipo akaanza maswali.

"Mwapikia nini nyumbani?"

"Gesi," mke akajibu.

"Kuna avutaye sigara?"

"Hakuna."

Nikaona wakati wangu umefika. "Sista, kuna mtu alikuwa akifukiza ubani," nikasema, huku nikitazama ukuta.

Nesi akamgeukia mama mkwe. "Ubani utoe nje, mama. Moshi haumfai huyu."

"Nimesikia, mwanangu," mama mkwe akasema. "Sasa muulize na babake afanya kazi gani."

Nesi akanigeukia.

"Napuliza dawa za kunguni," nikasema.

"Na pampu waiweka wapi?" nesi akauliza.

Mke akanitangulia. "Chini ya kitanda. Na ovaroli aitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Akirudi kazini ambeba mtoto kwanza, ndio aende kuoga."

"Madirisha mwafungua?"

Wakuu, hapo nilitamani mtu anifukize mimi, moshi unifiche.

Mama mkwe akavuta buibui yake taratibu. "Mie nimezaa saba. Mtoto akikohoa, watazama akohoa saa ngapi. Huyu hukohoa babake akirudi."

"Mbona hukusema, mama?" nikamuuliza.

"Ningesema na nani? Na chetezo changu umekificha nyuma ya tangi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikalia. Watoto wa wenzangu nawatoa nje mpaka jioni. Wangu nilimfungia ndani na dawa yenyewe, nikapiga na selotepu.

Siku ile ile pampu, dawa na ovaroli vikahamia Mikindani, kwa mwenzangu wa kazi mwenye stoo ya kufuli. Selotepu nikaing'oa na rangi ya dirisha juu. Chetezo nikakiosha, nikampelekea mama mkwe kwa mikono miwili nikamwomba radhi. Akakipokea, akakipeleka uani mwenyewe. Siku hizi nguo zafukizwa nje, zikipoa kwenye kamba ndio zinaingia.

Lakini akaweka sheria. Simgusi mtoto mpaka nikaguliwe. Na kwa kuwa mkwe hawezi kunitazama nimejifunga shuka natoka kuoga, ukaguzi ukawa kupitia pazia la mlango wa chumbani. Nasimama sebuleni, yeye yuko chumbani.

"Nyosha mkono."

Napenyeza mkono. Nasikia pua inavuta hewa.

"Rudi ukaoge."

Kuna siku nilioga mara tatu, wapangaji wenzetu wa bafu moja wakaanza kunipa pole wakidhani naumwa.

Kifua cha mtoto kikatulia pole pole. Arubaini ikafika, mtoto akanyolewa, mama mkwe akafunga mkoba wake wa Likoni. Jioni hiyo nikaoga kama kawaida, nikapenyeza mkono kwenye pazia, nikasubiri pua.

Haikuja. Vikaja vidole vidogo, vikashika kidole changu, vikang'ang'ania.

"Pita," mama mkwe akasema. "Mwenye kifua amekupitisha."

Wakuu, somo langu ni hilo. Moshi wa mama mkwe unauona kwa sababu ni mweupe. Ulichobeba wewe kwenye shati hukioni.

Karibuni kwenye comments, mafundi rangi, makanika, wa saruji, wavuta sigara wa roshani. Mwaingia nyumbani na nini? Ila kabla hujaandika kitu, nusa mkono wako kwanza.