Mvuke wa Mwenyewe

Kifungua mimba wangu nilimzaa ugenini, Saltley kwa Wazungu, katikati ya baridi, sina mama wala shangazi wa kunikanda. Kwetu Unguja mzazi haulizwi kama anataka; anakandwa maji ya moto arobaini nzima mpaka mifupa irudi mahali pake. Hapa alikuja nesi wa Kizungu na begi lake, akaniambia nioge maji ya uvuguvugu, nisijifungie kwenye mvuke. Mume wangu akaitikia kama mtoto wa chuoni.

"Nesi kasema no steam, basi no steam," akaniambia nesi alipoondoka. "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

"Nimelifumba tangu nifike. Leo nalifumbua."

Mgongo uliniuma, na hasira iliniuma zaidi.

Jirani yangu alikuwa Mfini, Mzungu wa nchi ya theluji, mke wa dereva wa lori, na tukitumia chumba kimoja cha kufulia uani. Nilipomweleza habari ya kukandwa, alicheka mpaka akashika ukuta. Kwao, akasema, bibi yake alizaliwa ndani ya chumba cha mvuke, na humohumo ndimo alimooshwa alipokufa. Akawasha moto chini ya sufuria kubwa la kuchemshia nguo, akapasha matofali, akaniingiza na kanga yangu. Kila alipoyamwagia maji, mvuke ulinipanda mgongoni nikalia kwa raha. Humo hakutaka kelele wala matusi. Mna mwenyewe, akasema, kizee kifupi chenye ndevu, mlinzi wa mvuke. Tulipomaliza akamwaga kata ya mwisho, tukatoka, akafunga mlango ili kizee naye aoge.

Mume wangu alikuwa amesimama uani na mtoto mikononi. "Mmemwachia nani humo? Hiyo si shirki hiyo?"

"Namwomba Mungu tu. Huyu simwombi kitu, namwachia mvuke. Wewe hukutaka kuniachia hata huo."

Akanipa mtoto. Nikarudi kila Jumamosi. Arobaini ilipotimia nilikuwa napanda ngazi na mtoto begani bila kushika ukuta.

Jumamosi moja, kiwanda kimemvunja kiuno, mume wangu akaja uani na taulo shingoni. Jirani ndiyo kwanza alikuwa ameufunga mlango.

"Naweza kuingia?"

"Ngoja zamu yako," nikamwambia. "Mwenyewe bado anaoga."